Mchanga Ndani ya Injini ya Okech

Ninyi vijana mtakaosoma haya, na najua mtayasoma kwenye simu huku mnatafuna kitu, kaeni vizuri. Sitawaambia nilizaliwa wapi wala baba yangu alikuwa na ng'ombe wangapi. Nitawaambia mwaka mmoja tu, ule mwaka nilioolewa na kufiwa nikiishi katika chumba kimoja cha Kaloleni, Kisumu. Nauandika sasa kwa sababu injini imefunguliwa na kilichokuwa ndani yake kimeonekana. Nisiposema mimi, mtaisikia kwa watu wanaopenda kuongeza chumvi, na hii haihitaji chumvi. Kiswahili mnachokisoma hapa msidhani nilikipata shule. Shule niliiacha mapema. Nilikipata jikoni, kwa jirani yangu Mama Salma, mwanamke Mwislamu aliyekuwa akinisahihisha huku anakaanga. Ukisema vibaya hupewi mandazi.

Nyumba zenyewe zilikuwa za baraza la mji, chumba kimoja kila familia, na jiko letu lilitenganishwa na la Mama Salma kwa ukuta ambao haukufika kwenye mabati. Kila kilichosemwa upande mmoja kilivuka upande wa pili pamoja na moshi. Mume wangu Okech alikuwa dereva wa meneja wa kiwanda cha pamba. Meneja alipokuwa anarudi kwao, alimwachia Okech gari lake kwa bei ya kuagana. Lilikuwa la bodi ndefu, rangi ya maziwa, na meneja alikuwa amelinunua jipya kutoka melini, halijakanyagwa na mtu. Okech akaliingiza katika kazi ya samaki. Asubuhi alichukua samaki aina ya ngege ufukweni Dunga akawapeleka sokoni Kibuye, na jioni aliliosha kwa sabuni ya unga mpaka mikono ikachubuka. Harufu haikutoka. Mama Salma alikuwa akipaza sauti juu ya ukuta, "Jirani, hilo gari lenu paka wa mtaa mzima wamelifanya baraza!" Okech alimjibu kutoka upande wetu, "Mama, waache, hao ndio askari wangu." Ndivyo tulivyoishi. Watu wakiniuliza leo ndoa yangu ilikuwaje, nakumbuka sabuni ya unga na sauti juu ya ukuta.

Kuna jambo moja alilisema akiwa anakula, na nataka mlishike. Nilikuwa nimepika mboga ya apoth na ngege wa kukaanga, yeye ameketi juu ya kitanda kwa sababu kiti kilikuwa kimoja na miguu yangu ilikuwa imeanza kuvimba kwa mimba. Akasema, "Hili gari halipendi kupanda." Nikamwuliza kupanda wapi. "Milima. Nilimpeleka bwana mkubwa Maseno wakati likiwa jipya, likanguruma kama sufuria ya githeri, likazima. Tukangoja likapoa, tukarudi. Hakutaka tena kupelekwa huko." Nikamwambia amwite fundi. Akacheka. "Fundi gani? Mafundi wote wa Kisumu wameliangalia, wanasema ni zima. Hapa chini hakuna mlima. Nitalizeesha kwa samaki." Kweli Kisumu ni tambarare. Gari lenye ugonjwa wa milima linaweza kukaa hapa maisha yake yote na jirani asijue kuwa linaumwa.

Okech alianza kutetemeka kwa homa akiwa kwa samaki. Walimleta watu wa Dunga, wamemlaza nyuma juu ya magunia. Dada yake Dorka akaja kunisaidia kumuuguza, akalala nasi katika chumba hicho hicho, upande wa mlango. Asubuhi moja Okech aliusukuma uji, nami nikamwambia kwa ukali, maana ndivyo nilivyo, "Kunywa, uji si sumu." Dorka alikuwa anafunga leso yake. Alinitazama, akakaza fundo. Okech alikunywa kidogo. Tulimpeleka hospitali siku hiyo na hakutoka.

Ilikuwa masika. Barabara ya chini inayopita Holo kwenda Asembo, kwao Okech, ilikuwa matope matupu, malori yalikuwa yamelala humo kama viboko. Kaka yake Ojwang', ambaye sasa ndiye aliyekuwa mkubwa wa nyumba, akaamua tuzunguke kwa juu, tupande Maseno kisha tuteremkie Asembo. Jeneza lilitiwa nyuma ya gari la marehemu mwenyewe, mahali pa samaki. Ojwang' aliendesha. Mbele aliketi mzee mmoja wa ukoo wao, na nyuma tuliketi mimi, Dorka na mzee mwingine, magoti yetu yakigusana. Wengine walikuwa wametangulia kwa basi. Nilitaka kumwambia Ojwang' habari ya milima, lakini mjane hapangi safari. Tukafika Kisian, kilima kinapoanzia.

Tulipoanza kupanda nilisikia ile sufuria. Ilianza chini kabisa, kama mtu anayekoroma chumba cha pili, ikapanda pamoja nasi. Mzee wa mbele akageuza shingo kutazama jeneza. Kisha mvuke ukafunika kioo, gari likatikisika, likazima. Ojwang' hakufungua boneti. Alibaki ameshika usukani kwa mikono miwili, akasema, "Ameanza."

Hakuna aliyeuliza ni nani aliyeanza. Kwetu gari lililobeba maiti likizima njiani, wa kwanza kuulizwa si fundi, ni maiti. Ni yeye amekataa kwenda, ana neno. Basi wanaume wote wakashuka, Ojwang' akaenda nyuma, akafungua mlango, akaweka kiganja juu ya mbao. "Owadwa," alimwita, yaani kaka yangu. "Owadwa, wadhi dala. Tunakwenda nyumbani. Kama kuna aliyekukosea, tuambie." Alisema kwa upole sana. Alimpenda kaka yake, sitalificha hilo. Wakati huo mzee mmoja alichukua jerikeni, akafungua kizibo cha rejeta kwa shati lake, akaungua, akatukana, akatia maji. Maji yalitiwa. Lakini hakuna aliyeyahesabu katika yale yaliyotokea.

Nikasema nikiwa bado nimekaa, "Shemeji, Okech aliniambia gari hili halipendi milima."

"Msikie huyu!" Dorka alisema. "Kaka yangu yuko hapo anaongea, yeye anasingizia gari."

"Sisingizii. Aliniambia akiwa anakula."

"Chakula gani? Kile ulichokuwa unamwambia habari za sumu?"

Wazee wakatazamana. Mmoja akaniuliza hilo neno lilikuwa la nini. Nikamweleza uji. Kadiri nilivyoeleza ndivyo lilivyozidi kuwa baya, kwa sababu neno likishasemwa kando ya jeneza halisikiki tena kama lilivyosemwa kando ya kitanda. Walishauriana barabarani muda mrefu, wamesimama kwenye kivuli cha gari. Mimi nilitazama mgongo wa kiti mbele yangu. Palikuwa na gamba la ngege limegandia pale, Okech hakuliona siku ya kuosha. Hatimaye Ojwang' akaja dirishani.

"Nyar Kano," aliniambia. Ndivyo wanavyoniita, binti wa Kano. "Shuka kidogo."

Nilishuka. Akaingia, akawasha. Gari likawaka mara moja, safi, kama asubuhi ya Dunga.

Sikilizeni, ninyi mliosoma. Mngekuwa pale mngesema nini? Mimi mwenyewe niliyekuwa nimesimama kwenye majani nilisema moyoni, basi ni kweli. Dorka alijifunika mdomo kwa leso. Nilishika mpini wa mlango, naye Ojwang' akasema bila kunitazama, "Usipande. Tutakutumia mtu." Likaondoka. Nililiona likimaliza kilima bila shida, jepesi, mtu mmoja amepungua. Hakuna mtu aliyetumwa. Mama mmoja aliyekuwa anauza ndizi mbivu aliniuliza, "Mama, unangoja gari?" Nikamwambia, "Limeshaenda." Akanipa ndizi, nikaila. Nilichukuliwa na lori la mahindi, nikashuka njiani, nikatembea, nikafika Asembo udongo umeshasawazishwa na kuku wako juu yake wanachakura. Sikutupa hata konzi moja ya udongo juu ya mume wangu.

Nilikaa matanga katika nyumba ya mama mkwe, chumba cha mwisho, karibu na ghala. Chakula nililetewa, sitasema nilinyimwa. Kiliwekwa mlangoni na aliyekileta akaondoka. Nilisikia wanawake wakipeta omena, dagaa wa ziwa, nje, wanasema kwa sauti ambayo hawakujali naisikia. "Aliposhuka tu, likawaka." "Tu!" "Na hiyo mimba?" "Nani ajuaye?" Kwa kawaida huja ndugu wa marehemu kumrithi mjane. Kwangu hakuja mtu, na sikumwita. Mwisho wa matanga nilifunga nguo zangu, nikarudi Kaloleni. Mama Salma alinitazama kutoka miguuni mpaka kichwani, akaweka wali na maharagwe ya nazi mbele yangu, akasema, "Kula kwanza. Maneno hayaozi." Nilimweleza nikiwa nimemaliza. Akasema, "Mtu mzima anakataa kwenda kuzikwa kwa sababu ya uji?" Kisha akasema tena, polepole, "Lakini liliwaka uliposhuka." Hata yeye. Mwanangu Omondi akazaliwa kabla mwaka haujaisha, Mama Salma ndiye aliyempokea. Huko Asembo walimwita mtoto wa kilimani.

Gari alilichukua Ojwang'. Aliliendesha miaka mingi kwenye barabara ya chini, kando ya ziwa, akibeba samaki na wagonjwa na maharusi, na halikuzima hata siku moja. Watu walisema, mnaona? Lilizima kwa huyo mwanamke tu. Na Ojwang' hakupitisha gari hilo Maseno tena, kwa sababu kwake kile kilima kilikuwa mahali pabaya. Hivyo jambo likajithibitisha lenyewe kila mwaka, bila mtu kufanya kazi yoyote.

Mimi nilisuka mikeka, niliuza omena Kibuye, nilimlea Omondi. Sikulia sana. Nilichokuwa nacho ni swali. Nikiwa napepeta omena najiuliza, nilimfanya nini? Nilirudia kila chakula. Nilirudia siku niliyomficha kwamba nimevunja kikombe chake, siku niliyomnunia kwa sababu alichelewa, ule uji. Mtu uliyekaa naye mwaka mmoja una vitu vichache vya kumkumbuka, na vyote nilivigeuza kuwa ushahidi. Ilifika mahali siwezi kuukumbuka uso wake akicheka bila kuuliza kama wakati huo tayari alikuwa na kinyongo. Na nilijua sitazikwa kando yake. Mtu aliyekukataa barabarani hawezi kukukaribisha kaburini. Nilikwishapanga na watu wa kanisa wanitafutie mahali hapa mjini.

Mwaka huu Dorka alifariki. Nilikwenda Asembo kumzika, maana mtu huenda. Kaburi la Okech lilikuwa pale pale, na kando yake, mahali pa mkewe palipopaswa kubaki wazi, palikuwa na mihogo. Mirefu, imekolea. Msichana mmoja wa nyumba aliniambia, "Nyanya, hiyo alikuwa anapanda marehemu Mama Dorka mwenyewe. Alikuwa hataki tukae bila kupanda hapo." Nikamwambia ni mihogo mizuri. Nyuma ya nyumba lilikuwa gari, limezama kwenye magugu, kuku wametagia kwenye viti. Ojwang', ambaye sasa anatembea kwa mkongojo, alimwambia Omondi, "Chukua chuma chenu. Mimi sina dereva wala macho."

Omondi ana gereji yake Obunga, karibu na barabara. Ana mvi, ana wajukuu. Alilivuta gari hilo mpaka Kisumu akaanza kulifufua, anasema siku hizi maharusi wanalipa vizuri kubebwa na gari la zamani. Alianza na bodi, akaja kwa injini. Siku moja mchana alinipigia simu, "Mama, njoo gereji." Nikamwambia nakata mboga ya sukuma. Akasema, "Iache sukuma."

Nilikuta injini imelala juu ya matairi, imevuliwa kila kitu. Ubavuni ina matundu ya mviringo yaliyokuwa yamezibwa kwa vizibo vya chuma. Omondi alikuwa amevitoa. Ya mbele yalikuwa matupu, ukitia kidole kinaingia. Ya nyuma yalikuwa yamejaa kitu cheusi kigumu kama tofali. Alikuwa ametoboa kwa patasi, na kipande kimoja alikuwa amekiweka juu ya gazeti. Kilikuwa mchanga. Ndani ya mchanga kulikuwa na waya.

"Ni tope la ziwa," nikasema. "Mtu alitia maji machafu."

"Tope haliji na waya, Mama. Na hivi vizibo havijawahi kufunguliwa, ona, rangi ya kiwandani iko juu." Akanieleza. Injini inamiminwa, chuma cha moto kinamwagwa kama uji, na pale ambapo maji yatapita wanaweka kwanza mchanga uliogandishwa na kushikwa kwa waya ili chuma kisijae. Kikipoa, mchanga wote unatolewa, maji yapate njia. "Huu hawakuutoa. Waliziba, wakapaka rangi, wakauza." Kisha akageuza kile kifuniko kizito cha juu. "Na hapa. Ona haya matundu ya maji. Haya mawili yameanzwa kwa drili, hayakumalizwa. Aliyekuwa anatoboa aliitwa chai."

"Akaenda," nikasema.

"Akaenda."

"Kwa hivyo huku nyuma maji hayakuwa yanafika."

"Hayajawahi kufika. Tangu linazaliwa. Chini huku tambarare litavumilia, linajipooza kwa upepo. Lakini likipanda kilima na mzigo lazima lichemke, lazima lizime. Likipoa, ukitia maji, linawaka kama hakuna kitu." Akafuta mikono, akanitazama. Anaijua habari yake, alikua nayo. "Mama, lingezima hata likibeba mahindi."

Nilikuwa nimekishika kile kipande. Kilikuwa chepesi kuliko nilivyodhani. Nilingoja nisikie kitu. Nilidhani labda nitakaa chini, au nitacheka, au nitamtukana yule mtu wa ng'ambo aliyewahi chai yake. Mkono ulikuwa umeshika mchanga, basi, ganzi tupu, kama mkono uliolaliwa. Nikamwuliza Omondi kama amekula. Akasema bado. Nikarudi nyumbani Migosi, ninakokaa sasa, nikamaliza sukuma yangu. Mpaka leo ninapoandika hiyo ganzi haijaondoka yote. Msiwaamini wanaowaambia ukweli ukifika mtu hupona. Ukweli ulifika, ukanikuta nimeshazoea kukaa bila yeye.

Nilimtumia Ojwang' ujumbe kwamba akija kliniki apite kwangu. Akapita. Aliketi pale mnapokaa ninyi kutazama televisheni, mkongojo kati ya magoti. Nilimpa chai na viazi vitamu, na Omondi akaweka mbele yake lile gazeti lenye mchanga na waya, akamweleza taratibu kama alivyonieleza mimi. Ojwang' haoni vizuri. Alipapasa ule waya mpaka mwisho wake.

"Nyar Kano," akasema, "liliwaka uliposhuka."

"Liliwaka lilipopoa, shemeji."

"Tulimsikia. Mimi nilimsikia kaka yangu anakoroma anakataa."

"Ulisikia maji yakichemka."

Akaurudisha waya gazetini. Mkwe wangu alitaka kuondoa vikombe, nikamzuia kwa jicho. Mzee huyo alikuwa amempoteza kaka, na miaka yote alijua walau neno lake la mwisho lilikuwa nini. Sasa nilikuwa nimemnyang'anya hata hilo. Nililiona, na sikumhurumia, na sikufurahi. Alichovya kiazi kwenye chai.

"Hii chai haina sukari," akasema.

"Daktari amekukataza."

"Nyinyi na daktari." Alikula mpaka akamaliza. Alipokuwa anainuka, Omondi amemshika kiwiko, alisimama mlangoni akanipa mgongo, akasema kwa sauti ya mtu anayezungumza habari ya shamba, "Ile mihogo nitaing'oa. Wiki hii. Mahali pako pabaki wazi."

"Sawa," nikasema.

Hiyo ndiyo radhi niliyoombwa, na nimeipokea. Watu wa kanisa nimewaambia waache kutafuta. Omondi amechokoa mchanga wote, amemalizia yale matundu mawili kwa drili yake mwenyewe, na gari linanguruma vizuri. Siku lilipowaka niliwaita wote sebuleni, Omondi na mkewe, watoto na wajukuu, nikawaambia wazime televisheni.

"Siku yangu ikifika," niliwaambia, "mtanibeba kwa gari hilo, na mtapitia Maseno."

"Mama, barabara ya chini sasa ni lami," mke wa Omondi akasema. "Ni karibu zaidi."

"Mtapitia Maseno. Likizima pale kilimani—"

"Halitazima," Omondi akasema. "Nimelitengeneza."

"Likizima, tieni maji, kaeni kivulini mngoje lipoe. Msinisemeshe. Na asishushwe mtu."